Mbegu Niliyoigawa Nikijua

Machi 2023 niliwapa majirani zangu mbegu ya viazi yenye ugonjwa, na nilikuwa najua. Hakuna aliyenidanganya, wala sikukosa elimu. Ugonjwa ule niliuona katika shamba langu mwenyewe msimu uliotangulia, nikaupima, nikautambua kwa jina, kisha nikaunyamazia. Mmoja wa waliopokea mbegu ile alipoteza viazi vyake vyote, na alipokuja kuniuliza sababu nilimdanganya. Kwake nimeshaungama. Naandika haya kwa ajili ya wengine, kwa kuwa mbegu ile haikuishia kwake, na wapo waliofikiwa nayo ambao siwajui.

Ili kosa lenyewe lieleweke, nieleze kwanza jinsi tunavyoishi kati ya Januari na Machi. Moiben iko kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, kaskazini mashariki ya Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapa hatuna misimu miwili ya mvua kama sehemu nyingine za Kenya. Tuna mmoja mrefu, unaofunguka mwishoni mwa Machi au Aprili na kutufikisha kwenye mavuno ya Oktoba na kuendelea. Kabla ya mvua hizo kuna kiangazi: usiku baridi inayouma vidole, mchana jua na vumbi, ng'ombe wakila mabua ya mahindi na maziwa yakipungua kila wiki. Shambani hakuna la kufanya ila kulima na kungoja, kwa hiyo tunaongea.

Tunaongea zaidi asubuhi, mahali pa kupimia maziwa, mikebe ikiwa chini na foleni ikisogea polepole. Mtu akifika anasalimu, "Chamgei," anaitikiwa, kisha yanaanza.

"Upepo umegeuka?"

"Jana jioni kulikuwa na wingu juu ya Cherang'any. Lakini hilo bado ni la kutuchezea."

"Trekta imefika kwako?"

"Imepita mara moja. Ya pili nangoja udongo ulainike."

"Usikimbie kupanda. Ama umesahau 2019?"

Hakuna aliyesahau 2019. Machi ya mwaka huo Kimbunga Idai kilipiga Msumbiji na kuvuta unyevu wote kuelekea kusini, mvua zetu zikachelewa, na baadhi ya waliotangulia kupanda kwenye udongo mkavu wakalazimika kununua mbegu upya. Mambo ya namna hii hayaandikwi popote huku kwetu. Hukaa katika mazungumzo, na kijana anayeanza kulima huyapata hapo kwenye foleni bila kulipa hata shilingi.

Na mazungumzo hayo ndiyo yanayosafirisha mbegu. Mahindi tunanunua dukani, H614 au H6213 ya Kenya Seed kutoka Kitale, kwa kuwa mahindi chotara ukirudia mbegu yake yanakuangusha. Mboga na viazi ni habari nyingine. Mbegu ya sageti hutoka kwa mtu ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Mbegu ya malenge hutoka ikiwa imepakwa jivu. Maharagwe hupimwa kwa gorogoro, na mara nyingi anayepima huongeza konzi moja juu. Anayetoa hulipwa kwa miche ya vitunguu, au kwa siku moja ya kusaidiwa palizi, au kwa jina zuri tu. Katika mpango huu hakuna mkaguzi. Anayekupa akisema ni nzuri, basi ni nzuri.

Mimi nilikuwa mtu wa kuombwa mbegu. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na nilipostaafu niliweka nguvu zangu zote kwenye bustani iliyo nyuma ya nyumba. Watu wakasema mkono wangu una baraka. Waliniita Mwalimu kama zamani, ila sasa walimaanisha mwalimu wa shamba. Nilikipenda cheo hicho kuliko nilivyokubali wakati ule, na kosa lote lilianzia kwenye kupenda huko.

Katikati ya mwaka 2022 nilikuwa na viazi aina ya Shangi, kile kinachopendwa karibu kila mahali Kenya kwa sababu hukomaa upesi na huchipua upesi. Mche mmoja ulianza kulegea wakati wa jua la mchana, majani yakiwa bado kijani na udongo ukiwa na maji ya kutosha. Jioni ulijiinua. Siku chache baadaye ulilala moja kwa moja, na mingine kandokando yake ikaanza vivyo hivyo. Kwanza nilimshuku fuko, maana fuko akila mizizi mche hulegea hivyo hivyo. Nikachimba. Hapakuwa na shimo la fuko wala mzizi uliotafunwa.

Nilikuwa nimefundishwa la kufanya kwenye siku ya wakulima. Unakata shina karibu na udongo, unalisimamisha kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, halafu unangoja dakika chache. Nililisimamisha kwenye meza ya jikoni. Nyuzi nyeupe za ute zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato hadi chini ya glasi. Nikachimbua kiazi kutoka shina lile, nikakikata katikati, nikaona duara la kahawia likizunguka ndani ya ganda, na nilipobonyeza duara hilo likatoa ute.

Huo ni mnyauko wa bakteria. Husababishwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye mwanasayansi wa Marekani Erwin Smith alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Huingia kupitia mizizi, huzaana ndani ya mishipa inayopandisha maji, na kuiziba, ndiyo maana mche hufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo wenye unyevu. Hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Hutembea kwa jembe, kwa kiatu chenye matope, kwa maji yanayoteremka, na zaidi ya yote kwa mbegu. Tena katika nyanda za baridi kama zetu, kiazi kinaweza kuubeba bila kuonyesha alama yoyote. Kiko kizima, kinang'aa, kina macho mazuri, na ugonjwa umo ndani.

Hayo yote niliyajua jioni ile mbele ya glasi. Kilichonipasa kilikuwa wazi: kula viazi vile au kuviuza sokoni kwa kupikwa tu, kutoweka hata kimoja kwa mbegu, na kuwaambia majirani. Badala yake niling'oa miche iliyonyauka kabla hakujapambazuka vizuri, nikaizika, na pale palipobaki wazi nikapanda sukuma wiki ili pengo lisionekane. Nilivuna vilivyobaki. Vilikuwa vizuri kwa macho. Nikavichagua, nikavitandaza ghalani kwenye mwanga hafifu ili vichipue, nikajiambia kwamba vilivyougua nimeviondoa. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kama ningekuwa nayaamini nisingehitaji kuyarudia.

Kiangazi kilichofuata, mazungumzo ya foleni ya maziwa yakageukia viazi. Mbegu iliyothibitishwa ilikuwa mbali na ilikuwa ghali. Mmoja akasema, "Si Mwalimu yuko? Viazi vyake mliviona." Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, kwamba mwaka huu sina. Nikasema, "Njooni na ndoo."

Walikuja. Miongoni mwao alikuwa jirani mdogo, mama wa watoto wawili, ambaye mwaka huo alikuwa amekodi kipande cha shamba kwa mara ya kwanza kwa fedha za chama. Alitaka mahindi kwa chakula, na sehemu ndogo ya viazi vya kuuza mapema ili arudishe mkopo. Alinyoosha mkono na noti kunilipa. Nikamkatalia. Nilimwambia mbegu ya jirani hailipiwi, na akanishukuru kwa mikono miwili. Najua sasa kwamba kukataa ile fedha kulinisaidia mimi: niliona kwamba kitu kilichotolewa bure hakiwezi kudaiwa.

Mwezi Juni alikuja nyumbani na mche mkononi, mizizi ikiwa bado na udongo.

"Mwalimu, hebu niangalizie hiki. Vinalala kimoja kimoja."

Niliutazama. Sikuhitaji glasi.

"Ni fuko," nikasema.

"Nimechimba. Hakuna fuko."

Basi nikamwambia habari ya udongo. Nilimweleza kwamba mashamba ya Uasin Gishu yamewekwa mbolea ya DAP miaka na miaka bila kubadilisha, kwamba DAP huzidisha tindikali, na kwamba udongo wenye tindikali nyingi huinyima mizizi chakula. Kila neno nililomwambia ni kweli, na maofisa wa kilimo huyasema hayo kila mwaka. Nilitwaa jambo la kweli nikalitumia kufunika uongo, na kwa kuwa lilitoka kwa mwalimu, alilipokea. Aliuliza dawa yake. Nikamwambia chokaa.

Alinunua chokaa. Alikuwa ameshapoteza viazi, na sasa alitoa fedha nyingine kwa ajili ya tatizo ambalo halikuwa lake, kwa ushauri wangu, nami nilimwona akiibeba akipita mbele ya lango langu. Kisha, ili ardhi aliyoilipia isikae bure, alipanda managu mahali pale pale. Managu ni jamaa wa kiazi, kama zilivyo nyanya, pilipili na biringanya, na mnyauko huu hushika ukoo huo wote. Managu nayo ikalegea. Nilijua itakuwa hivyo siku aliponiambia anaipanda, na siku hiyo pia nilinyamaza.

Katika maisha yangu nimefanya makosa ya kutojua, na ya kutojua husameheka upesi. Haya yalikuwa matatu, na kila moja nililifanya nikiwa macho: nilitoa mbegu, nikamdanganya, nikamwacha apande tena. La pili na la tatu yalizaliwa na la kwanza, kwa sababu kila siku niliyokaa kimya iliongeza gharama ya kusema kesho yake.

Halafu ukaja mwaka 2024. Wakati wa kupanda ikafichuka kwamba mbolea bandia ilikuwa imeuzwa kwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku, ule wa gunia la kilo 50 kwa shilingi 2,500. Hasira ilienea kila mahali penye wakulima, hadi waziri wa kilimo akafikishwa mbele ya Bunge kwa hoja ya kumng'oa. Kwenye foleni yetu ya maziwa hakukuongelewa mvua wala trekta. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya watu wanaoweza kumwuzia mkulima udongo, wakijua ataupanda pamoja na karo ya watoto wake. Mimi pia nilisema, tena kwa sauti.

Jirani yangu mdogo alikuwa kando yangu. Akasema, "Ndiyo maana mimi naona heri yetu sisi tunaopeana mbegu wenyewe kwa wenyewe. Angalau huku tunajuana."

Alisema hivyo akiamini. Hakuwa ananipima. Hakuna lawama ambayo ingenifikia kama ilivyonifikia imani ile. Wale tuliokuwa tukiwalaani walikuwa wameuza kwa watu wasiowajua. Mimi nilimpa mtu ambaye watoto wake hunywa chai jikoni kwangu.

Hata hivyo sikwenda siku ile. Aprili na Mei mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi nchini kote, na bustani yangu iko juu kuliko shamba alilokodi. Kila usiku nilisikia maji yakiteremka, nikijua yamebeba nini na yanakwenda wapi. Ndipo nikaenda.

Nilimkuta anamenya malenge. Nilikataa kiti, nikiogopa kwamba nikikaa tutaanza kuuliza habari za watoto na nitaondoka bila kusema. Nilimweleza kuanzia glasi hadi managu. Alisikiliza hadi mwisho, kisu kikiwa kimetulia mkononi, kisha akauliza swali moja.

"Hata chokaa ulijua?"

"Nilijua."

Hakulia wala hakunifukuza. Alisema polepole kwamba alikuwa ameacha kujaribu viazi kwa sababu alifikiri yeye ndiye hajui kulima. Mwaka mzima aliishi akiamini hivyo. Hilo sikuwa nimelihesabu kabisa. Nilikuwa nimehesabu mbegu, chokaa na kodi ya shamba. Sikuhesabu kwamba mtu anayeanza, akishindwa bila kuambiwa sababu, atajitwika sababu yeye mwenyewe.

Kisha akakumbuka kitu, na uso wake ukabadilika. "Ndoo moja nilimpelekea dada yangu upande wa Kapcherop," akasema. Kapcherop ni nchi ya viazi, watu wanaishi kwa viazi kule. Tulimpigia simu pale pale. Dada mtu alikuwa amepanda, na sehemu ya mavuno alikuwa amewagawia wawili zaidi.

Nilimrudishia gharama ya chokaa na ya kodi. Alipokea, akaniambia kwamba fedha imelipa fedha tu. Tulikwenda pamoja kwa mwenye shamba kumweleza kwamba kipande kile kisipandwe viazi wala managu kwa miaka kadhaa, na mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa yeye hakuwa na kosa la kueleza. Tunasalimiana. Kwangu hajaja tena kuomba ushauri, na ana haki.

Nimeulizwa na wanangu kwa nini nayatoa haya hadharani wakati kijiji chetu kimeshayajua. Sababu ni kwamba wakulima wengi sana wa viazi katika Kenya hupanda mbegu waliyojiwekea au waliyopewa na jirani. Mbegu safi ipo: kituo cha KALRO cha Tigoni huizalisha, ADC huizalisha Molo, na KEPHIS huikagua na kuithibitisha. Lakini haitoshi, na kwa mwenye robo ekari bei yake ni nzito. Kwa hiyo kwa miaka mingi ijayo viazi vyetu vitaendelea kutegemea neno la mtu kwa mtu, na neno hilo likioza hakuna ukaguzi utakaotuokoa. Historia ya kiazi yenyewe inaonya. Ugonjwa wa ukungu uliofika Ireland mwaka 1845 ulikuwa umevuka bahari kutoka bara la Amerika, na wengi huamini ulisafiri ndani ya viazi. Takriban watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Ule ulikuwa ugonjwa tofauti na huu, na walioubeba hawakujua. Mimi nilijua.

Sitaki mtu asome haya akaacha kupeana mbegu. Sageti ninayokula leo nilipewa, na malenge pia. Kitu ninachotaka kibadilike ni kimoja: anayetoa aseme kabla hajaulizwa. Aseme mbegu ilitoka wapi, shamba lilikuwa na nini mwaka jana, na kama kulikuwa na mche uliolala huku udongo una maji. Kwa wengi wetu kizuizi hakitakuwa ujinga. Kitakuwa ile raha ya kuombwa, na woga wa kuonekana mikononi mwetu kuna kitu kilichoharibika.

Sasa nasema na wewe uliyepata viazi vya Shangi vilivyotoka Moiben mwaka 2023 kwa njia ya jirani au ndugu, na huna hakika vilianzia kwa nani. Usiviweke mbegu tena. Vipike mle, ugonjwa huu haumdhuru binadamu, lakini maganda usiyatupe bustanini wala kwenye lundo la samadi. Yachemshe kwanza kabla ya kuwapa mifugo, au yachome. Mahali vilipomea panda mahindi, ngano au sukuma wiki kwa misimu kadhaa, na kila kiazi cha maotea kikijitokeza king'oe na mizizi yake. Jembe lililopita hapo lioshe kabla halijaingia kwingine. Ukiona mche unalegea, fanya jaribio la glasi ya maji, halina gharama. Na kama ulimgawia mtu, mpigie. Mwambie leo, kabla hajapanda.